Mdomo wa Joker: Rangi, Kovu na Kicheko katika Filamu

Waheshimiwa walimu, baba na mama, na ninyi wanafunzi mliojibana hata kwenye ngazi za ukumbi huu,

Nimeombwa nizungumze juu ya Joker, adui mkubwa wa Batman, na jinsi alivyoigizwa katika filamu mbalimbali. Hapa Lubumbashi mjadala huo kwa kawaida huishia kwenye ubishi wa nani aliwashinda wenzake. Leo naomba tumtazame mahali pamoja tu, mdomoni, kwa sababu kila mwongozaji aliyemchukua mhusika huyu alilazimika kujibu swali lile lile: kicheko hiki kisichofutika usoni kilitoka wapi?

Mdomo wenyewe ni mkongwe kuliko Joker. Mwaka 1869 Victor Hugo, ambaye wengi wetu tulikariri mashairi yake shuleni, alichapisha riwaya ya mtu aliyekatwa uso angali mtoto ili aonekane anacheka maisha yake yote. Mwaka 1928 riwaya hiyo ilifanywa filamu huko Marekani, na mwigizaji Mjerumani Conrad Veidt akaonekana meno yote nje, huku macho yake yakiomboleza. Picha ya Veidt ni miongoni mwa mambo yaliyowaongoza Bill Finger, Bob Kane na Jerry Robinson walipomtoa Joker katika toleo la kwanza la kitabu cha katuni cha Batman, mwaka 1940. Lakini mtu wa Hugo ametendewa uovu, ilhali Joker ni mtenda uovu. Wachoraji walichukua uso, wakaacha kilio. Tangu hapo filamu zimekuwa zikivutana juu ya kilio hicho, kirudishwe au kiachwe.

Cesar Romero, aliyemwigiza kwenye televisheni na katika filamu ya mwaka 1966, hakukirudisha hata kidogo. Alikataa kunyoa sharubu zake, basi wakazipaka rangi nyeupe juu kwa juu, na ukitazama kwa makini unaziona. Huo ni mdomo wa mchezo wa watoto, na kwa mchezo wa watoto ulitosha.

Jack Nicholson, katika filamu ya Tim Burton ya mwaka 1989, ndiye wa kwanza kupewa jeraha. Jambazi aitwaye Jack Napier anapigwa risasi usoni kiwandani, anatumbukia ndani ya tangi la kemikali, kisha anapasuliwa na daktari wa vichochoroni mwenye vifaa duni. Niliiona filamu hiyo nikiwa kijana, kwenye nyumba ya video katika mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, kwa sauti za Kifaransa, na naikumbuka vizuri minong'ono ya wazee waliokaa nyuma yangu. Sisi ni watoto wa mji wa shaba. Tunaona malori ya asidi yakielekea Likasi na Kolwezi, na tuna jamaa wanaofanya kazi mahali ambapo asidi hiyo huyeyusha mawe. Wazee wale walijua kwamba asidi haimwachii mtu tabasamu, inakula nyama.

Hata hivyo, Burton aliona jambo moja zuri sana. Joker wake, anapotaka kukubalika mbele ya watu, hujipaka rangi ya ngozi ya kawaida juu ya weupe ulioachwa na kemikali, na kule kwenye jumba la makumbusho mwanamke anapommwagia maji, rangi hiyo inachuruzika na weupe unatokea chini yake. Kwa hiyo hapa kinyago ni uso wa kawaida, na uso wa kweli ni kile kicheko. Sijaona filamu nyingine ya Joker iliyolisema jambo hilo kwa ufupi namna hii.

Jared Leto, mwaka 2016, alichorwa mdomo mgongoni mwa kiganja, akawa anauweka mbele ya mdomo wake mwenyewe. Ni pambo, wala sina la kuongeza.

Joaquin Phoenix anastahili muda zaidi. Filamu ya Todd Phillips ilipata tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice mwaka 2019, naye Phoenix akapata Oscar mwaka 2020. Inaanza na Arthur Fleck, Joker wa filamu hiyo, akiwa mbele ya kioo, ameingiza vidole kwenye pembe za mdomo wake, anazivuta juu, kisha chini, kisha juu tena, na chozi linashuka likiburuta rangi ya buluu. Kicheko chake ni ugonjwa. Kinamkaba kama kifaduro, na hubeba kadi ya kuwaomba watu radhi. Mji unafunga huduma alikokuwa anapata dawa. Mwishoni, juu ya gari la polisi, anajichorea tabasamu kwa damu yake mwenyewe. Kilio cha Hugo kimerudi chote, na Phoenix anaumia hadi mtazamaji anaumia naye. Ila nina shaka moja kubwa: filamu hii inaeleza kila kitu, kuanzia mama, faili la hospitali, hadi kipigo cha utotoni, na maelezo yakishakamilika namna hiyo, waliouawa wanageuka kuwa hesabu ya mwisho ya mateso ya muuaji.

Ndiyo maana narudi nyuma kwa Heath Ledger, aliyemwigiza Joker katika filamu ya Christopher Nolan ya mwaka 2008. Ledger alifariki akiwa na miaka 28 kabla filamu haijatoka, na akapewa Oscar mwaka uliofuata. Joker wake hana jina, nguo zake hazina lebo, na polisi hawapati rekodi ya alama za vidole vyake. Ana makovu mawili tu mdomoni, anayoyalamba kila mara. Kwa jambazi mwenzake anasema alikatwa na baba mlevi. Kwa Rachel, mwanamke jasiri aliyesimama mbele ya wageni wa karamu, anasema alijikata mwenyewe kwa kumpenda mkewe. Sikilizeni vizuri: kila msikilizaji anapewa hadithi iliyokatwa kwa kipimo chake. Sisi wa nchi hii tumewasikia watu walioumiza wengine wakijieleza, leo hivi na kesho vile, kulingana na aliyekaa mbele yao. Ledger aliigiza jambo hilo bila kulitolea hotuba.

Mara ya tatu, juu ya jengo, anamkandamiza Batman na kumuuliza kama anajua alivyoyapata makovu haya. Batman hangoji. Anafyatua visu vya mkononi mwake, na hadithi ya tatu inabaki kooni mwa Joker.