Mmumunye Hulelewa Usiku
Mhadhara kwa wakulima wa bustani za nyumbani, Tanga

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, shikamooni na habari za jioni. Nitazungumzia mmea mmoja tu, mmumunye, kwa sababu kila msimu nasikia lalamiko lile lile: "Mmumunye wangu umepanda hadi kwenye paa, maua tele, lakini vitunda vinageuka njano na kuanguka vikiwa na ukubwa wa kidole." Mmoja anaongeza maji, mwingine anaongeza samadi, wa tatu anasema ni kijicho cha jirani. Mara nyingi mmea huo hauumwi chochote. Maua yake yamekosa kuchavushwa, na yamekosa kwa sababu mwenye bustani huingia bustanini asubuhi, wakati kazi ya mmumunye hufanyika usiku.

Boga mnalijua. Ua lake la njano hufunguka alfajiri, nyuki wakalihudumia, na kabla ya adhuhuri limeshajifunga. Mmumunye umepangwa kinyume. Ua lake jeupe huanza kukunjuka jua likielekea kuzama, na kufika saa moja jioni limetanda lote. Hukaa wazi usiku, na kesho yake jua likipanda linanyauka. Weupe ule ndio unaoonekana gizani, na wanaoufuata ni nondo, hasa wale wakubwa wenye mwili mnene, wanaosimama hewani mbele ya ua huku mabawa yakipiga kwa kasi, wakichomeka mrija mrefu ndani. Watafiti nchini Kenya wameyachunguza maua haya usiku na kuwakuta nondo hao kazini.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Katika jamii hiyo ya nondo yupo aitwaye kitaalamu Agrius convolvuli. Mtoto wake ni yule kiwavi mkubwa mwenye pembe mkiani mnayemkuta akila majani ya viazi vitamu. Tunampulizia sumu mchana kwenye viazi, kisha jioni tunashangaa nondo wamekwenda wapi. Mwenye shamba kubwa la viazi ana hesabu zake, siwezi kumlaumu. Lakini wewe mwenye matuta machache uani, muokote kiwavi huyo kwa mkono, umpeleke kwenye magugu yanayotambaa ya jamii ya viazi, atakula huko. Na taa ya nje inayowaka usiku kucha karibu na kichanja izimeni. Nondo huzunguka taa hadi wakachoka, na maua yakabaki bila mgeni.

Pamoja na hayo, mjini nondo hawatoshi, kwa hiyo jifunzeni kuchavusha kwa mkono. Mmumunye una maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja. Dume lina kikonyo kirefu chembamba, halina kitu chini yake. Jike lina kikonyo kifupi, na chini ya petali kuna kitunda kidogo chenye vinyweleo, tayari kina umbo la mumunye. Jua likishazama, ua jike likiwa limefunguka, chuma ua dume lililofunguka jioni hiyo hiyo, bandua petali zake, kisha pakaza chavua taratibu katikati ya ua jike, pande zote. Dume moja linatosha majike mawili au matatu. Kitunda kilichopokea chavua huendelea kunenepa siku zinazofuata, na kisichopokea hugeuka njano. Ukienda asubuhi kama ulivyozoea kwa maboga, utakuta maua yamelegea na nafasi imepita.

Kuna watakaosema, "Mwalimu, mmea wangu una madume matupu." Ni kweli, madume hutangulia, na shina kuu ndilo linalopenda kuyazaa. Majike huja zaidi kwenye matawi ya pembeni. Kwa hiyo shina likifika juu ya kichanja, kata ncha yake. Wengi wanaona uchungu kukata mmea ulionawiri, lakini kata, matawi yatatoka, na majike yatakuja nayo.

Kuhusu kupanda sina mengi. Loweka mbegu usiku mmoja, panda mbili au tatu kwenye shimo lenye samadi iliyooza, kisha bakiza mche wenye nguvu. Acha kama mita 2 kutoka shimo hadi shimo. Kichanja cha miti kifike urefu wa mtu na kidogo zaidi, ili upite chini yake bila kuinama. Kwa kamba, sisi watu wa Tanga tusinunue za plastiki wakati katani ipo: ni imara, na vikono vya mmumunye vinaishika vizuri kwa sababu ni ya kukwaruza. Kitunda kikishashika, kivishe mfuko wa karatasi au kitambaa cha neti, maana nzi wa matunda hutaga mayai ndani yake kingali kichanga.

Kwa mboga, chuma mapema, kama wiki mbili baada ya ua, ukucha ukiwa bado unapenya ganda. Wahenga wanaposema mumunye huharibikia ukubwani wanawasema watu, lakini bustanini ni kweli vilevile: likikomaa, nyama inakuwa nyuzi na mbegu zinakuwa ngumu, halifai tena kwa mchuzi wa nazi. Hapo liache juu ya kichanja hadi kikonyo kikauke kabisa, upate kibuyu.

Jambo moja naomba mlishike kwa uzito. Kabla ya kupika, onja kipande kidogo kibichi. Kikiwa kichungu, kiteme, na tunda lote litupwe. Uchungu ule ni sumu iitwayo kukabitasini, na kupika hakuiondoi. Nchini India watu wameugua vibaya, wengine wakafa, baada ya kunywa juisi ya mumunye lenye uchungu, na mwaka 2011 kamati ya wataalamu wa Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo ilionya juisi ya namna hiyo isinywewe. Asitokee mama wa kusema "tutaongeza sukari."

Uchungu huo unatoka wapi? Sikubaliani na wanaosema unaletwa na matango au maboga yaliyo karibu, kwa sababu mmumunye hauzaani nayo. Unazaana na mmumunye mwenzake. Jirani akipanda vibuyu vya kienyeji vyenye uchungu, nondo anabeba chavua kutoka kwake hadi kwako. Tunda lako la mwaka huu litabaki tamu, lakini mbegu zake zimechanganyika, na mwakani waweza kuvuna uchungu. Anayetunza mbegu afanye hivi: alasiri, ua jike na ua dume yakiwa bado yamejifunga, yavike mifuko ya karatasi. Jioni yavue, chavusha kwa mkono, kisha rudisha mfuko kwenye ua jike na ufunge utepe kwenye kikonyo. Mbegu za tunda hilo ndizo za kuweka.

Nasisitiza mbegu kwa sababu mmumunye asili yake ni Afrika. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba hata vibuyu vya kale vya Amerika vina asili ya huku, vilivuka Atlantiki vikielea. Wakalenjin wa Kenya hugandishia maziwa yao ya mursik ndani ya kibuyu, Wagogo wa Dodoma hukifanya tumbo la zeze. Maumbo yote hayo yalitunzwa na watu waliochagua mbegu kwa makini, na chavua ikichanganyika ovyo yanapotea.

Mezani pale kuna mbegu za mumunye la mboga, zimechavushwa kwa mifuko kama nilivyoeleza. Kila nyumba ichukue nne, na anayepanga kupanda vibuyu msimu huu aniandikie mtaa wake kwenye daftari, ili majirani zake wanaotunza mbegu wajue kuvika maua yao alasiri.