Magari Mabovu Kwenye Kiwanja Ghali

REHEMA: Karibu msikilizaji. Leo tunazungumzia yadi za magari mabovu, zile sehemu ambazo gari likishakufa linapelekwa kukatwa, halafu watu wanakwenda kutafuta mlango, taa, difu, chochote kilichobaki kizima. Zinaondolewa huku na huko duniani na ardhi yake inajengwa. Mimi ni Rehema, niko na kaka Hamisi, na wiki nzima hii kaka Hamisi hana habari nyingine ila New York.

HAMISI: Kwa sababu inauma, dada Rehema. Kuna mahali panaitwa Willets Point, eneo la Queens. Ukishuka treni namba 7 unauona uwanja wa besiboli wa timu ya Mets. Ng'ambo ya barabara, kwa miaka mingi sana, kulikuwa na mitaa ya gereji na yadi za magari, ekari kama 60 hivi. Walipaita Pembetatu ya Chuma. Biashara zaidi ya 200 pale: mafundi wa eksozi, wa vioo, wa matairi, wa rangi, wa kunyoosha bodi, na wenye marundo ya magari ya kukata. Wengi ni wahamiaji, kutoka Ekwado, Kolombia, Meksiko, wengine Afghanistan. Unaingia na gari lako, hujasimama vizuri, kijana anakupungia mkono anauliza unatafuta nini.

REHEMA: Hapo umenipeleka moja kwa moja Gerezani ya Dar, kwa mafundi na wauza vipuri.

HAMISI: Ndivyo palivyokuwa! Umevunjikiwa kioo cha pembeni, unamwonyesha. Anapotelea kwenye vichochoro, anarudi nacho mkononi, na siku ukiwa na bahati kina rangi ileile ya gari lako. Kinafungwa palepale barabarani, unalipa, unaondoka.

REHEMA: Lakini picha nimeziona, kaka. Barabara mbovu kupita kiasi, madimbwi ya kuzamisha tairi, maji meusi yanang'aa mafuta. Mtu wa mipango miji akisema pasafishwe, mimi nitamwelewa.

HAMISI: Mwelewe, lakini umuulize tope limetoka wapi. Willets Point haikuwahi kuunganishwa na mabomba ya majitaka ya jiji. Tunazungumzia ndani ya New York, siyo porini. Barabara hazikutengenezwa, mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda. Watu wanalipa kodi, huduma hawapati. Mwaka 2008 baadhi ya wenye viwanja wakaenda mahakamani kulishtaki jiji kwa kuwanyima huduma. Mwaka huohuo baraza la jiji likapitisha mpango wa kuwaondoa wote pale, chini ya meya Bloomberg, na sababu mojawapo ni kwamba pamechakaa na pamechafuka. Unaninyima mfereji miaka na miaka, halafu unanifukuza kwa sababu nina dimbwi mlangoni. Hilo ndilo siwezi kulimeza.

REHEMA: Na kabla ya magari palikuwa na nini?

HAMISI: Majivu. Majivu ya makaa ya mawe kutoka Brooklyn yalimwagwa upande ule mpaka yakawa vilima. Akaja Robert Moses, yule bwana mkubwa wa mabustani na barabara kuu za New York, akayasawazisha kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya 1939. Ndiyo bustani ya Flushing Meadows ya leo, wanapochezea tenisi ya US Open. Yalipokaribia maonyesho mengine, ya 1964, Moses akataka na wenye yadi waondoke. Wakachanga, wakamweka wakili, kijana tu wakati ule, anaitwa Mario Cuomo.

REHEMA: Huyu aliyekuja kuwa gavana?

HAMISI: Huyohuyo. Wakamshinda Moses. Na Moses hakuwa mtu wa kushindwa ovyo, alishahamisha mitaa mizima kupisha barabara zake. Wenye magari mabovu wakabaki palepale, wakaendelea na kazi karibu miaka 50 tena.

REHEMA: Sasa nieleze walivyokuja kuondoka.

HAMISI: Safari hii jiji lilikuja na hela. Kwanza lilitishia kuitwaa ardhi kwa nguvu ya sheria, baadaye likawa linanunua kiwanja kimojakimoja. Na hapo ndipo pa kuangalia kwa makini. Anayelipwa bei ya kiwanja ni mwenye kiwanja. Fundi ni mpangaji. Ana banda, ana jeki, ana wateja aliowajenga miaka 20, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa kwenye hati. Yeye anapewa fedha kidogo za kuhamia, anaambiwa tarehe.

REHEMA: Hawakutafutiwa sehemu nyingine?

HAMISI: Kuna waliojiunga wakafanya ushirika, wakatafutiwa jengo Hunts Point, kule Bronx, wakae pamoja. Wazo zuri kabisa. Lakini jengo likachelewa, vibali vikachelewa, watu wamekaa bila kipato wanasubiri, na mwishowe ushirika ule haukusimama. Wengine wakatawanyika kila mtu na njia yake, wengine wakaacha ufundi.

REHEMA: Na ardhi waliyoipisha ikajengwa?

HAMISI: Ndiyo sehemu inayonikera. Mpango ulikuwa na duka kubwa la kisasa upande wa pili, kwenye maegesho ya uwanja wa Mets. Mwaka 2017 mahakama ya juu ya jimbo ikasema hapana, ile kisheria ni ardhi ya bustani ya umma, huwezi kujenga duka bila idhini ya bunge la jimbo. Mpango ukakwama. Gereji zilizovunjwa zimeshavunjwa, pamebaki uzio na majani. Mafundi walifukuzwa kwa haraka, ardhi ikakaa miaka bila kazi.

REHEMA: Lakini kaka, leo hapako hivyo. Aprili 2024 baraza la jiji lilipitisha awamu mpya: uwanja wa mpira wa miguu wa New York City FC, watu 25,000, unategemewa kufunguliwa 2027. Mradi mzima una shule, hoteli, na nyumba 2,500 za bei nafuu. Mimi nyumba hizo sizidharau hata kidogo. Kodi za New York zinawamaliza watu wa kipato cha kawaida, wakiwemo mafundi haohao. Na udongo ule ulikuwa umekunywa oili na petroli miaka chungu nzima, ilibidi kuusafisha kwanza kabla ya kujenga. Yadi nayo ina dhambi zake.

HAMISI: Nakubali, na nyumba nazikubali. Mwenye yadi anayemwaga oili chini anamdhuru jirani yake na watoto wake mwenyewe. Lakini kitu gani kimepotea pale? Watu wanadhani ni vyuma tu. Kilichopotea ni ukaribu. Fundi rangi hana kioo, anamtuma kijana kwa jirani. Wa kioo hana kibano cha kukishikia, anakitoa kwenye gari bovu la mtu wa tatu. Hakuna katalogi, wanajuana kwa macho na kwa kumbukumbu: fulani ana Camry ya mwaka ule imegongwa mbele, nyuma ni nzima. Umpeleke mmoja Bronx na mwingine New Jersey, kila mmoja na spana zake mkononi, ile kazi haifanyiki tena kwa bei ile. Anayeumia ni dereva teksi na mama mwenye gari la kazi, aliyekuwa anatengenezewa bampa kwa robo ya bei.

REHEMA: Na wapenzi wa magari ya zamani je? Maana kwao yadi ni kama akiba ya benki.

HAMISI: Hao wanalia kimyakimya. Chukua Land Rover ya zamani, au Peugeot 504 zile zilizokuwa zikibeba abiria Kenya nzima. Bati likioza fundi bodi atagonga lingine. Bushi atachonga. Lakini ile plastiki nyekundu ya taa ya nyuma? Ile raba ya kioo cha mbele yenye umbo lake? Ile pambo ya kung'aa yenye vipini vidogo nyuma? Huwezi kuigonga kwa nyundo, na kiwanda kilishaacha kuitoa. Inapatikana kwenye gari jingine la aina ileile lililokufa, basi. Mwaka 2024 Land Rover zilijaa Arusha kwenye tamasha lao, watu wakafurahi kuona za zamani zinatembea. Kila moja ile imekula vipande vya wenzake waliokatwa mahali.

REHEMA: Na yadi ikipewa notisi, magari hayahamishwi, yanauzwa kwa kilo.

HAMISI: Kwa kilo! Mnunuzi wa chuma chakavu haangalii mwaka wala modeli. Linapondwa, linakwenda kwenye tanuru, linatoka nondo. Nondo zinakwenda kwenye ghorofa.

REHEMA: Ngoja nilete mfano wa Uswisi, maana kule hawakusukumwa na wajenzi. Kijiji cha Kaufdorf, karibu na Bern. Familia moja ilikuwa na yadi tangu miaka ya 1930, baba akamwachia mwana. Magari mengi ni ya kabla ya miaka ya 1970, zaidi ya 700, miti imeota katikati, mingine imepenya kwenye magari yenyewe. Watu walikuja kutoka nchi za mbali kupiga picha. Mamlaka zikasema sheria ya ardhi na ya kulinda maji hairuhusu, kesi ikaendeshwa miaka, na 2009 magari yote yakapigwa mnada, pakasafishwa. Mimi pale upande wa maji nauelewa. Lakini angalau waliyanadi mojamoja, mtu akachagua lake.

HAMISI: Na mnada ni afadhali mara mia kuliko mashine ya kuponda. Lakini mimi nasimama na Sweden. Kule kuna kinamasi kinaitwa Kyrkö Mosse, ndani ya msitu. Mzee mmoja, Åke Danielsson, aliishi palepale kwenye kibanda, akichimba udongo wa kinamasi na kukata magari. Alifariki mwaka 2000, akaacha magari kama 150 yanamezwa na ukoka. Halmashauri ya Tingsryd ingeweza kuita malori. Ikaamua yabaki mpaka 2050, yaoze yenyewe, watu waende kuyatazama.

REHEMA: Wana msitu, kaka. Queens hakuna ekari ya kuachia ukoka. Na Dar vilevile, kiwanja cha katikati ya jiji hakitaachwa kwa magari mabovu.

HAMISI: Sijasema kiachwe. Nasema ukitaka kumwondoa fundi, mhamishe na majirani zake, sehemu moja, yenye mfereji na sakafu ya zege isiyopitisha oili, na asiondoke kabla banda jipya halijawa tayari. Na yadi ya magari ya zamani ikipewa notisi, ipewe miezi ya kutosha, watu waingie wachague, kilichobaki ndiyo kiende kwa kilo.

REHEMA: Hilo la majirani pamoja nalikubali bila mjadala. Kwa hiyo wewe unayesikiliza, kama mtaani kwenu kuna yadi ya zamani ambayo mabango ya mradi yameshaanza kusimama, nenda wiki hii. Ongea na mwenyewe kwa heshima, mwombe ruhusa. Piga picha kile kibati chenye namba ya chesisi, andika modeli na mwaka, na umuulize nani jirani yake ana nini. Ututumie sauti yako ukieleza ulichokikuta, wiki ijayo tunaanza nazo.