Dumu Lisilo na Jina

Asanteni, naomba tukae. Sabuni zenu nimeziona hapo mezani. Ile ya zambarau sijui ni ya nani, ila inavutia kweli.

Mimi nilianza kutengeneza sabuni na ndoo moja na mwiko. Salfoniki, ile asidi ya kutengenezea sabuni ya maji, nilipimiwa dukani kwenye chupa ya maji ya kunywa, ya lita moja na nusu. Nzito, ya kahawia, ukiitazama utasema asali. Nikaiweka jikoni. Siku hiyo jioni naingia, mtoto wa dada yangu keshafungua kifuniko, kijiko mkononi. Nilimuwahi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza sheria ya kemikali inatuhusu nini sisi watengeneza sabuni wadogo, namsimulia chupa ile.

Sheria yenyewe, ya hapa Tanzania, ni ya mwaka 2003, ya usimamizi na udhibiti wa kemikali za viwandani na majumbani, na iko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Anayeingiza, anayehifadhi, anayeuza, anayesafirisha: wote wanatakiwa kusajiliwa. TBS, Shirika la Viwango, ni habari nyingine. Wengi tunadhani tukipata nembo ya TBS tumemaliza, kumbe ile inahusu sabuni unayouza. Kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, uliyoificha uvunguni haimo.

Pipa likitoka kiwandani lina lebo. Lina almasi yenye ukingo mwekundu, ndani tone linatoboa chuma na kula mkono. Lina pia karatasi ya usalama, ndiyo inayokwambia kostiki inatiwa kwenye maji kidogo kidogo, usije ukamwagia maji juu ya kostiki ikachemka na kukurukia machoni. Sasa pipa linafika dukani, linagawanywa kwenye madumu ya mafuta ya kula. Lebo inabaki pipani. Wewe mnunuzi wa lita mbili unaondoka na kitu kisicho na jina. Hapo mimi simlaumu mtengeneza sabuni kwanza. Ukaguzi ungeanzia kwa muuzaji anayepima.

Ulaya wana sheria yao ya kemikali, REACH, tangu 2007: hakuna taarifa, hakuna soko. Mwenye kemikali ndiye anayeleta ushahidi. Marekani nako, mwaka 2016, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, ilipiga marufuku viambato 19 kwenye sabuni za kunawia zinazojiita za kuua bakteria, triklosani, kemikali ya kuua bakteria, ikiwemo. Watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba ni salama kutumia kila siku na kwamba zinaishinda sabuni ya kawaida na maji. Kampuni kubwa zikabadili fomula. Wewe utabadili nini, kama hujui ulipimiwa nini?

Na humu ndani kuna chupa imeandikwa "inaua vijidudu 99%". Ndugu yangu, ulivihesabia wapi? (Msicheke, nami niliwahi kuandika hivyo hivyo.)

Fomalini, ile mnayotia sabuni isiharibike, muulize muuzaji ina nguvu kiasi gani. Atakujibu "kali". Nayo ni kemikali inayojulikana kusababisha saratani, na mvuke wake unauvuta wewe uliyeinamia ndoo.

Ninachopendekeza ni hiki: tuchange. Watu kumi tununue pipa zima, limefungwa, lina lebo na karatasi yake, tugawane wenyewe, na kila dumu tuliandike jina kwa kalamu isiyofutika. Litakaa stoo, siyo jikoni.

Mama wa kule nyuma nimeuona mkono, karibu.