Maji ya Allensworth

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Mkisikia California mnawaza Los Angeles na sinema. Mimi leo nawapeleka Allensworth, Kaunti ya Tulare, kwenye tambarare kavu kati ya Fresno na Bakersfield. Wakazi ni mia kadhaa tu. Meya hakuna, madiwani hakuna, kwa sababu kisheria pale si mji. Marekani imejaa makazi ya namna hiyo: watu wapo, nyumba zipo, ila hawana manispaa yao. Barabara, polisi na vibali vya ujenzi, yote ni ya kaunti. Wenyewe huchagua bodi ndogo ya huduma tu, na kazi yake kubwa ni maji.

Ajabu ni kwamba waanzilishi wa Allensworth walikuja hapo ili wajiamulie mambo yao. Allen Allensworth alizaliwa utumwani Louisville, Kentucky, mwaka 1842. Utotoni aliuzwa mbali kwa kosa la kujifunza kusoma. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alitoroka, akatumikia jeshi la majini, kisha akawa mchungaji na baadaye kasisi wa jeshi. Alistaafu mwaka 1906 akiwa luteni kanali, cheo ambacho Mmarekani mweusi hakuwahi kukifikia kabla yake. Mwaka 1908, yeye, mwalimu William Payne na wenzao wakaanzisha makazi ya watu weusi. Shule ikajengwa, maktaba ikafunguliwa. Waliota hata chuo cha ufundi, ila bunge la jimbo halikukubali.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapo ndipo penye kisa. Kampuni iliyowauzia viwanja, Pacific Farming Company, iliwaahidi maji ya kutosha kilimo. Hayakutosha. Mwaka 1914 reli ya Santa Fe ikajenga tawi la kwenda Alpaugh, mji jirani, na biashara ya stesheni ikahamia huko. Septemba mwaka huohuo Kanali akagongwa na pikipiki mjini Monrovia, akafa. Vijana wakaanza kuondoka mmoja mmoja kutafuta kazi mijini.

Miaka ya 1960 ikagundulika kuwa maji ya visima yana aseniki. Hiyo ni sumu inayotoka kwenye miamba yenyewe. Haina rangi wala harufu. Sisi tumelelewa tukiambiwa chemsha maji, utakuwa salama. Kwa aseniki ni kinyume: maji yanapungua sufuriani, sumu inabaki palepale, kwa hiyo unachokunywa ni kikali zaidi ya kilichotoka bombani. Ndiyo maana familia nyingi, ambazo siku hizi wengi wao ni Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wanaofanya vibarua mashambani, hununua maji ya kunywa dukani huku bili ya bomba wakiilipa vilevile. Majengo ya zamani yamekuwa hifadhi ya kihistoria ya jimbo tangu miaka ya 1970, yamepakwa rangi vizuri. Sina ugomvi na hifadhi, ila nyumba za makumbusho hazina kiu.

Halafu Machi 2023 maji yakaja mengi kupita kiasi. Magharibi ya hapo palikuwa na Ziwa Tulare, ambalo karne ya 19 lilikuwa kubwa kuliko ziwa lolote la maji baridi magharibi ya mto Mississippi. Wakulima waligeuza mito yake kumwagilia mashamba, ziwa likakauka, wakalima pamba kwenye sakafu yake. Mvua na theluji ya mwaka ule vikalirudisha. Allensworth wakaamriwa kuhama. Baadhi wakabaki wakijaza mchanga kwenye mifuko na kuziba mitaro kwa mikono yao. Lakini barabara ni ya kaunti, reli ni ya kampuni, na mifereji ina wenyewe wengine. Kila walipotaka kuweka tuta, ilibidi kwanza waulize ardhi hiyo ni ya nani.

Naishia hapo. Maswali karibuni, na mwenye swali la aseniki aanze.