Fuatilia Muamala Mmoja wa Bitcoin, Kuanzia Unapobonyeza Tuma

Karibuni. Leo tunatuma muamala mmoja wa Bitcoin, sarafu ya kidijitali, na kuufuata hadi pale ambapo hakuna awezaye kuufuta. Nimechagua Bitcoin kwa sababu ndiyo iliyotangulia sarafu za aina hii: bloku yake ya kwanza, yaani fungu la miamala, ni ya tarehe 3 Januari 2009, kazi ya mtu, au watu, waliojiita Satoshi Nakamoto.

Kabla hatujagusa simu, elewa jambo hili. Pochi yako, yaani programu unayotumia kutuma na kupokea Bitcoin, haina sarafu ndani. Sarafu ni maandishi kwenye daftari la pamoja, yaani blokucheni, ambalo nakala zake zimo kwenye maelfu ya kompyuta duniani. Pochi inatunza ufunguo wa siri tu, namba ndefu inayokupa mamlaka ya kuandika kwamba kiasi fulani sasa ni cha mwingine.

Hatua ya kwanza, fungua pochi mpya. Itakuonyesha maneno 12 au 24, ambayo ndiyo njia ya kuurudisha ufunguo wako. Yaandike kwa mkono kwenye karatasi, kwa mpangilio uleule. Usiyapige picha. Simu ikiharibika na karatasi imepotea, hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Na yeyote atakayekuomba maneno hayo, hata akijitambulisha kuwa mhudumu wa pochi yenyewe, ni mwizi.

Hatua ya pili, pata anwani ya mpokeaji, yaani msururu wa herufi na tarakimu unaoonyesha pesa inakokwenda. Nyingi siku hizi huanza na bc1. Za zamani huanza na 1 au 3. Nakili, usiandike kwa mkono. Sasa angalia skrini yangu: nikishabandika, nalinganisha herufi za mwanzo, za mwisho, na chache za katikati. Ukikosea herufi moja, kwa kawaida pochi itagoma, maana anwani ina alama za kujikagua. Lakini kuna virusi vinavyobadilisha anwani uliyonakili na kuweka ya mwizi, na hiyo ni anwani halali kabisa. Pochi haitagundua. Ni macho yako tu. Tafadhali usiruke hatua hii.

Hatua ya tatu, andika kiasi. Bitcoin moja ina satoshi 100,000,000, kwa hiyo unaweza kutuma kipande kidogo sana.

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, twende taratibu. Tuseme uliwahi kupokea satoshi 50,000, kisha siku nyingine 30,000. Daftari halijumlishi, linaviona kama vipande viwili. Unataka kutuma 60,000. Kipande kimoja hakitoshi, kwa hiyo pochi inachukua vyote viwili na kuvitumia vizima, kama mtu anayetoa noti kubwa akisubiri chenji. Inaandika mistari miwili: 60,000 kwa mpokeaji, na 19,000 zinazorudi kwako, mara nyingi kwenye anwani mpya ya pochi yako. Kwa hiyo ukiona anwani usiyoitambua imepokea salio lako, usishtuke. Je, zile 1,000 zilizobaki? Hiyo ndiyo ada. Haiandikwi mstari wake popote. Ni tofauti kati ya kilichoingia na kilichotoka.

Ada haifuati ukubwa wa pesa, inafuata ukubwa wa data. Muamala wa kiasi kidogo uliokusanya vipande vingi unaweza kugharimu ada kubwa kuliko muamala mnono wa kipande kimoja.

Hatua ya nne, bonyeza Tuma. Pochi inatia saini kwa ufunguo wako bila kuufichua, kisha inausambaza muamala. Kila kompyuta inayoupokea inahakiki yenyewe: saini ni sahihi? Vipande hivi vimeshatumika? Muamala ukipita, unapanga foleni.

Wachimbaji, yaani wenye kompyuta zinazoshindana kuunda bloku, huchukua kutoka foleni hiyo, miamala yenye ada nono ikitangulia, na kuikusanya katika bloku. Kisha wanashindana kutafuta namba itakayoipa bloku alama, yaani heshi, namba inayokokotolewa kutoka data yake, iliyo chini ya kiwango kilichowekwa. Hakuna njia ya mkato, ni kujaribu tu, mabilioni kwa mabilioni. Mshindi hupatikana kwa wastani kila dakika 10, na tangu Aprili 2024 zawadi yake ni bitcoin 3.125 pamoja na ada. Kila bloku hubeba heshi ya iliyotangulia. Anayetaka kughushi muamala wa zamani itambidi aifanye upya kazi ya bloku hiyo na zote zilizofuata, huku wenzake wakiendelea kuongeza nyingine.

Hatua ya tano, nakili namba ya muamala, ile yenye herufi na tarakimu 64, uibandike kwenye tovuti ya kutazama blokucheni. Sasa hivi inasomeka haujathibitishwa. Muamala ukiingia kwenye bloku, unahesabiwa uthibitisho mmoja. Kila bloku inayofuata inaongeza mwingine. Kwa kiasi kidogo, mmoja unaweza kutosha. Kwa kiasi kikubwa, desturi ni kusubiri sita.

Ukiona muamala umekwama kwa sababu ada ni ndogo, pochi nyingi zina kitufe cha kuongeza ada: zinatuma toleo jipya linalotumia vipande vilevile. Kitufe hicho kinasaidia kabla ya bloku tu. Muamala ukishathibitishwa, pesa hairudi isipokuwa mpokeaji mwenyewe akutumie, kwa muamala mpya wenye ada yake.