Miaka Hamsini, Bethdei Nane

JUMANNE: Habari za wakati huu, wasikilizaji wetu. Mimi ni Jumanne, na kando yangu hapa... Ngoja kwanza. Shikamoo, dada Zai.

ZAINABU: (anacheka) Ala! Tangu lini?

JUMANNE: Tangu Jumamosi. Umeingia hamsini. Juzi ulikuwa wa "mambo vipi", sasa ni shikamoo.

ZAINABU: Marahaba, mdogo wangu. Ukirudia nakuzimia maiki.

JUMANNE: Haya, nimekoma. Tuambie, uliamka Jumamosi ukajisikiaje?

ZAINABU: Kama Ijumaa. Nilikuwa nimejiandaa kuhisi kitu, unajua? Nikasimama mbele ya kioo nikajikagua kama mtu anayekagua gari aliloliazima, kabla hajalirudisha. Hakuna jipya. Mikwaruzo yote naijua.

JUMANNE: Mikwaruzo!

ZAINABU: Lakini kuna kitu nilifanya. Nilichukua karatasi, nikaandika namba moja mpaka hamsini kwenda chini. Halafu kila namba nikajaribu kuandika jambo moja tu ninalolikumbuka la bethdei hiyo. Nani alikuwepo, nilivaa nini, nililia au sikulia. Chochote.

JUMANNE: Ukajaza ngapi?

ZAINABU: Nane.

JUMANNE: Nane kati ya hamsini?

ZAINABU: Nane. Na moja kati ya hizo nane ni ya uongo, nitakueleza. Sasa fikiria, kila mwaka watu wanahangaika, mishumaa, zawadi, wewe unajichagulia nguo wiki nzima. Arobaini na mbili zimekwenda na maji.

JUMANNE: Usijilaumu sana. Mbili tatu za mwanzo zilikuwa hazina jinsi. Wanasaikolojia wanasema watu wazima wengi hawakumbuki kitu chochote cha kabla ya miaka mitatu hivi. Kwa hiyo ile pati ya mwaka mmoja, ambayo wazazi wanaalika mtaa mzima, mwenyewe ndiye pekee ambaye hatakumbuka.

ZAINABU: Ndiyo maana naona ile ni pati ya wazazi. Wamefaulu kumweka mtu hai mwaka mzima, wapongezwe!

JUMANNE: Na hiyo ya uongo?

ZAINABU: Ya miaka saba. Miaka yote nimeikumbuka vizuri sana. Gauni jeupe, mikono imeshika meza, mashavu nimeyajaza hewa nataka kuzima mishumaa. Sasa Jumamosi nikiwa naiandika nikajiuliza: hivi mimi nayaonaje mashavu yangu mwenyewe?

JUMANNE: Eh!

ZAINABU: Mtu haoni mashavu yake. Kama kweli ningekuwa naikumbuka ile siku, ningeona mishumaa mbele yangu na nyuso za watu upande wa pili wa meza. Mimi najiona kwa mbele, kutoka pale aliposimama mpiga picha. Nilichokuwa nakikumbuka miaka yote ni picha iliyokuwa ukutani kwa mama.

JUMANNE: Umenitia wasiwasi. Nina kumbukumbu zangu kama tatu hivi inabidi nizikague.

ZAINABU: Na nilipomuuliza mama, akaniambia lile gauni hata halikuwa langu. Niliazimwa kwa ajili ya picha, nikavuliwa palepale. Kwa hiyo saba nikaikata. Zimebaki saba za kweli: kumi, kumi na sita, kumi na nane, ishirini na mbili, thelathini, arobaini na arobaini na nne.

JUMANNE: Ona sasa, zimejazana katikati. Tano kati ya saba ziko kuanzia kumi hadi thelathini. Hilo nalo limechunguzwa. Watu waliovuka arobaini wakiulizwa habari za maisha yao, yanayowajia kwa wingi ni ya umri huo huo, kumi mpaka thelathini. Maelezo mojawapo ni kwamba ndipo mambo mengi unayafanya kwa mara ya kwanza. Baadaye siku zinafanana.

ZAINABU: Zile za kumi na sita mpaka ishirini na mbili ni habari za mapenzi, na wahusika wengine ni wasikilizaji wetu. Tunaruka.

JUMANNE: (anacheka) Tunaruka kwa heshima. Nipe ya kumi.

ZAINABU: Ya kumi niliamua kuwajaribu. Nikasema simkumbushi mtu, nione nani ananipenda nyumba hii. Asubuhi kimya. Mchana kimya. Mimi nimenuna, na hakuna aliyeona kwamba nimenuna, hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Usiku wakati wa kulala nikashindwa, nikamwambia baba, "Leo nimetimiza miaka kumi." Akaweka gazeti chini, akanitazama, akasema, "Mwaka huu imekuja mapema."

JUMANNE: (anacheka sana) Mzee hana hatia kabisa!

ZAINABU: Hana hata chembe. Ya thelathini nililia bila sababu, na aliyenibembeleza naye akaanza kulia. Haina simulizi. Lakini arobaini sasa...

JUMANNE: Hii naijua! Wasikilizaji, kaeni vizuri.

ZAINABU: Nyumbani waliniandalia sapraizi. Taa zimezimwa, watu wamejibana nyuma ya milango, nyuma ya makochi. Mimi sina habari. Nafungua mlango huku naongea na simu, namsimulia rafiki yangu kuhusu wifi yangu. Na si kwa sifa.

JUMANNE: Mungu wangu.

ZAINABU: Naingia ndani, natupa mkoba, naendelea. Kwamba wifi yangu anajua kila kitu, kwamba akija nyumbani anapitisha kidole kwenye kabati kuangalia vumbi. Nafika katikati ya sebule nawasha taa. Na pazia linatikisika.

JUMANNE: Alikuwa nyuma ya pazia!

ZAINABU: Na keki mkononi. Kumbe wazo lote la pati lilikuwa lake. Watu hata wakasahau kupiga kelele. Kimya. Kisha yeye, mama wa watu, akasema taratibu, "Vumbi lilikuwepo lakini."

JUMANNE: (anacheka) Huyo mwanamke nampenda!

ZAINABU: Mpaka leo ni wifi ninayempenda kuliko wote. Hiyo siku tulimaliza kila kitu. Nikifika tisini nikasahau na jina langu, ile pazia nitaikumbuka.

JUMANNE: Mimi zangu hazina pazia. Na nyingi hazina hata tarehe yake. Nilipofungua akaunti yangu ya kwanza ya mtandao wa kijamii niliulizwa tarehe ya kuzaliwa, nikawa na haraka, nikaacha iliyokuwa juu kwenye orodha. Januari mosi. Basi kila mwaka mpya napokea salamu za heri kutoka kwa watu sitini, najibu "asanteni sana", na nyumbani wananitazama tu.

ZAINABU: Na siku yenyewe?

JUMANNE: Siku yenyewe wa kwanza kunikumbuka huwa ni benki. Saa sita usiku na dakika moja.

ZAINABU: Wewe unacheka, lakini kuna watu wengi sana duniani ambao Januari mosi yao waliandikiwa na karani. Mtu anafika nchi ya watu, mkimbizi, hana karatasi, hajui tarehe. Fomu haikubali nafasi tupu, basi anaandikiwa mosi ya mwezi wa kwanza. Na tatizo halijaisha. UNICEF ilisema mwaka 2024 kwamba watoto wapatao milioni 150 walio chini ya miaka mitano hawajasajiliwa popote.

JUMANNE: Na asiyesajiliwa hapungukiwi keki tu. Shule itamuuliza cheti, kazi itamuuliza, pasipoti ndiyo kabisa.

ZAINABU: Hata kusema "mimi bado mtoto" mbele ya mahakama anashindwa, maana atathibitisha na nini?

JUMANNE: Mimi cheti ninacho, lakini nacho kina kesi. Wiki hii nikiwa najiandaa kwa kipindi nikaingiza tarehe iliyo kwenye cheti changu kwenye kalenda ya simu, nione ilikuwa siku gani. Dada Zai, mimi naitwa nani?

ZAINABU: Jumanne.

JUMANNE: Ilikuwa Alhamisi.

ZAINABU: (anacheka) Acha!

JUMANNE: Alhamisi, wallahi. Miaka arobaini na tatu natembea na jina la siku isiyo yangu. Ama cheti kinadanganya, ama jina.

ZAINABU: Kalenda zenyewe nazo zina mambo. Kuna mwaka 1582, Papa Gregori wa 13 alipoirekebisha kalenda. Kwenye nchi kama Hispania watu walilala Oktoba 4, wakaamka Oktoba 15. Siku kumi hazikuwepo. Kama bethdei yako ni Oktoba 10, mwaka huo huna.

JUMANNE: Na huongezeki umri! Mimi nawapenda Wakorea. Korea Kusini walikuwa na hesabu ambayo mtoto anazaliwa ana mwaka mmoja, halafu wote wanaongeza mwaka Januari mosi. Mwaka 2023 sheria ikasema hesabu rasmi iwe ile ya kawaida, kuanzia sifuri. Nchi nzima ikapungua mwaka mmoja, wengine miwili.

ZAINABU: Waje na huku. Kwanza nani alisema hamsini ndiyo kubwa? Mbona arobaini na saba hakuna aliyenipigia vigelegele?

JUMANNE: Vidole. Tunahesabu kwa makumi kwa sababu tuna vidole kumi. Tungekuwa na vinane tungekuwa tunangoja sitini na nne. Mimi ningependa tusherehekee siku ya elfu kumi. Inaangukia ukiwa na miaka 27 na miezi minne na nusu hivi. Au sekunde bilioni moja, miaka 31 na miezi minane. Zote zimenipita nikiwa nimelala.

ZAINABU: Sekunde bilioni! Nani atakuandalia?

JUMANNE: Wifi yako. Lakini ngoja, nimekufanyia hesabu yako. Umezaliwa 1975, umetimiza hamsini 2025. Katikati kuna Februari zenye siku 29 mara kumi na tatu. Kwa hiyo mpaka Jumamosi ulikuwa umeishi siku 18,263.

ZAINABU: Zinasikika chache.

JUMANNE: Zigawe kwa saba. Unapata 2,609 kamili, hakuna baki. Maana yake kila aliyezaliwa 1975, bethdei yake ya hamsini imeangukia siku ileile ya wiki aliyozaliwa. Wengine wana siku 18,262, kwao inapishana kwa siku moja. Ninyi wa 1975 mmerudi palepale. Wewe ulizaliwa Jumamosi.

ZAINABU: (kimya kidogo) Hilo mama amelisema maisha yangu yote.

JUMANNE: Na hukumwamini?

ZAINABU: Nilidhani anapamba. Maana anaisimulia kwa mapana. Jumamosi, alfajiri, taa ya barabarani ilikuwa inawaka inazima, mkunga alikuwa na mafua. Nani anakumbuka mafua ya mkunga baada ya miaka hamsini?

JUMANNE: Aliyekuwa anasubiri mkunga apige chafya amalize.

ZAINABU: (anacheka) Nikwambie ya arobaini na nne, ndiyo ya mwisho kwenye karatasi yangu. Baba, tangu ile ya "imekuja mapema", hakusahau tena. Nilipoondoka nyumbani akawa ananipigia kila mwaka saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya mtu mwingine yeyote. Na hasemi heri wala nini. Anauliza, "Umefikisha ngapi sasa?" Namjibu. Anasema, "Haya," anakata. Mwaka huo alikuwa ameshafariki. Niliamka saa kumi na moja na nusu, nikakaa kitandani na simu mkononi. Sikuwa na wazimu, nilijua haitaita. Ikafika kumi na mbili na dakika tano, nikainuka nikaenda kuoga.

JUMANNE: Pole, dada.

ZAINABU: Nimeshapoa. Jumamosi hii nayo niliitazama simu, mazoea tu. Ikaita.

JUMANNE: Nani?

ZAINABU: Mama. Ana miaka sabini na minane, saa hizo huwa hashiki simu. Akasema, "Umefikisha ngapi sasa?" Nikashindwa kujibu.

JUMANNE: ...

ZAINABU: Tukaongea saa nzima. Nikamsomea ile karatasi yangu yenye bethdei nane. Akasema, "Na ile ya kwanza kabisa mbona hujaiandika?" Nikamwambia mama, ile siwezi kuikumbuka. Akasema, "Basi niandike mimi." Ndipo mkunga na mafua yake wakaja tena. Safari hii niliandika.

JUMANNE: Sasa ukimpigia umwambie hesabu imethibitisha.

ZAINABU: Nithubutu? Ataniuliza, kati yake na hiyo simu yako yenye kikokotoo, nani alikuwepo. Lakini wewe, wako ulimuuliza hiyo Alhamisi?

JUMANNE: Nilimuuliza jana. Nilikwenda na cheti mkononi kama wakili. Mama, jina langu Jumanne, karatasi inasema Alhamisi, nani mkweli?

ZAINABU: Akasemaje?

JUMANNE: Akasema, "Uchungu ulianza Jumanne. Kuchelewa ulichelewa mwenyewe."