Jina la Muuzaji Kwenye Mnada wa Mtandaoni

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wauzaji, nawashukuru kwa kufika.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Walilisemea soko ambalo mnunuzi anashika bidhaa, anaigonga, anaigeuza, ndipo anauliza bei. Kwenye mnada wa mtandaoni, anayepanda dau ana picha na maneno yako tu. Anajua kabisa kwamba huenda anauziwa mbuzi kwenye gunia, na kwa woga huo anapunguza bei anayokupa. Hata bidhaa yako iwe nzuri namna gani, hapo haijiuzi.

Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alieleza jambo hili kwa mfano wa magari yaliyotumika. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hutoa bei ya katikati. Mwenye gari zima anaona anapunjwa, anajitoa sokoni. Yanabaki mabovu, na bei inashuka tena. Kwa hiyo wa kwanza kuumia pasipo na uaminifu ni muuzaji mkweli, na ndiyo maana naomba tulichukue suala hili kwa uzito.

Pierre Omidyar alianzisha mnada wake mwaka 1995, huo tunaouita leo eBay. Februari 1996 aliwawekea watumiaji njia ya kupimana wenyewe: sifa njema inaongeza pointi moja, mbaya inaondoa moja, ya katikati haibadilishi kitu. Je, pointi hizo zina thamani ya fedha? Paul Resnick na watafiti wenzake walilijaribu hilo kwa kadi za posta za zamani. Waliuza kadi zinazofanana, nyingine kwa akaunti yenye jina zuri la siku nyingi, nyingine kwa akaunti mpya. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2006, yalionyesha kwamba wanunuzi walikuwa tayari kumlipa mwenye jina takriban asilimia 8 zaidi. Kadi ni zilezile. Kilichotofautiana ni jina.

Sasa jina hilo linatoka wapi? Wengi hudhani linaanza mzigo ukishafika. Mimi nasema linaanza kwenye maelezo ya bidhaa, siku unayoiweka mnadani. Tuchukue kamera ya filamu. Muuzaji mmoja anaandika: “Kamera nzuri sana, inafanya kazi, haina shida.” Mwingine anaandika: “Kipima mwanga hakifanyi kazi. Nimepitisha filamu moja mwezi huu na picha zote zimetoka. Kuna mkwaruzo wa sentimita 2 kwenye kitako, tazama picha ya nne. Lenzi haina ukungu. Haina mkanda wala kifuniko cha lenzi.”

Tazameni alipoiweka kasoro: mstari wa kwanza kabisa. Anayehitaji kipima mwanga atapita zake, na mwache apite, kwa sababu huyo ndiye angekuja kukuandikia vibaya. Wanaobaki wanapanda dau bila wasiwasi, maana mtu aliyetaja mkwaruzo wa sentimita 2 hawamdhanii kuficha ufa.

Kuna sababu nyingine, nayo ni ya mnada hasa. Dukani unamuuzia yeyote aliyekubali bei yako. Mnadani unamuuzia aliyetoa bei kubwa kuliko wote, na mara nyingi huyo ndiye aliyeyasoma maelezo yako kwa matumaini makubwa kuliko wote. Palipokuwa na utata, yeye alijijazia jibu zuri. Kila neno uliloliacha nusunusu litakurudia kama lalamiko lake.

Kutuma mzigo sitakaa nako sana: taja gharama kabla ya mnada kuanza, usiitie faida ya siri, funga vizuri, toa namba ya kufuatilia.

Lalamiko likija, jibu lako la kwanza lina uzito kuliko yanayofuata. Andika hivi: “Pole kwa usumbufu. Naomba picha ya sehemu iliyovunjika. Ukitaka kurudisha, gharama ya kutuma ni juu yangu. Ukitaka kubaki nacho, tukubaliane kiasi cha kukurudishia.” Usianze kwa kutafuta nani mkosaji. Ukishaandikiwa vibaya, jibu hadharani kwa mistari miwili yenye adabu, kwa sababu watakaosoma ni wanunuzi wa kesho. Na msihangaike kupita kiasi: katika jaribio dogo la Resnick na wenzake, alama mbaya moja au mbili hazikushusha bei za wauzaji wapya.

Zamani muuzaji aliweza kulipiza kisasi kwa kumpa mnunuzi alama mbaya. Mwaka 2008 eBay ilizuia hilo, na wauzaji wengi walilalamika. Naamini uamuzi ulikuwa sahihi. Sifa anayokupa mtu anayekuogopa haimsaidii yeyote, hata wewe mwenyewe.

Njia za mkato zipo: kununua akaunti ya mtu, kukusanya pointi kwa kuuza vitu vya senti chache kisha kurukia saa ya mkononi ya bei kubwa. Mnunuzi makini hufungua akaunti yako na kutazama pointi ulizipata kwa kuuza nini. Anzeni na vitu vya bei ndogo, mpande kidogo kidogo hadi vya bei kubwa. Kujipandishia dau kwa akaunti ya pili ni jambo baya zaidi, ni wizi. Mwaka 2010 mahakama nchini Uingereza ilimwadhibu muuzaji mmoja kwa kosa hilo.

Na kuna siku mnada utafungwa kwa nusu ya bei uliyoitarajia. Wengi hapo ghafla “huvunja” bidhaa au “huipoteza”. Kama hasara hiyo huiwezi, weka kima cha chini kabla mnada haujafunguliwa. Kama hukuweka, mtumie mshindi mzigo wake upesi, umeufunga kwa uangalifu uleule.

Waliokuja na maelezo ya bidhaa zao, tusomeeni tuyarekebishe pamoja. Tuanze na dada aliyenyoosha mkono pale nyuma.